Siku ya 23 bila kushika udongo baada ya upasuaji wa kidole gumba. Wenzangu mlivumiliaje?

MamaVyungu (mwenye mada)

Habari zenu wadau. Nitaandika kirefu, mnivumilie. Naandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja.

Mimi ni mfinyanzi. Nina miaka 54 na udongo nimeushika tangu nikiwa na 28. Siku 23 zilizopita nilifanyiwa upasuaji kwenye shina la kidole gumba cha mkono wa kulia. Kiungo kilikuwa kimesagika, gegedu limekwisha, mfupa unasuguana na mfupa. Miaka miwili ya mwisho nilikuwa siwezi kugeuza ufunguo wala kufungua kifuniko cha chupa, lakini kwenye gurudumu nilijilazimisha. Daktari alinionyesha kwenye picha: kati ya vifupa 8 vya kifundo cha mkono kuna kimoja kinachokibeba kidole gumba, na hicho ndicho walichokitoa. Pale kilipokuwa wakaweka kipande cha kano langu mwenyewe, kimekunjwa kama mto. Akaniambia na jambo ambalo halinitoki kichwani: ukibana kitu kwa ncha ya kidole gumba kwa nguvu ya kilo 1, kule kwenye shina mzigo unafika karibu kilo 12. Nikayakumbuka madonge yote niliyoyabana kwa miaka 26.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Wiki 2 nilikuwa na hogo, nyuzi zikatolewa, sasa nimevalishwa gango la plastiki mpaka wiki ya 6. Kazi nyepesi za mkono ni kuanzia wiki ya 12. Kuhusu gurudumu alisema, "Tutaona kuanzia mwezi wa 4, na usinidai tarehe." Mkono kurudi kuwa mkono unaweza kuchukua hata mwaka.

Maumivu nayamudu. Kinachonishinda ni kwamba sijui nikae vipi. Kucha zangu ni safi. Tangu ujana wangu sijawahi kuziona hivi, kila nikizitazama nahisi ni za mtu mwingine. Nikiwa mezani nakuta vidole vya kushoto vinabonyeza ukingo wa meza, vinatafuta unene wake, kama vile meza ni mdomo wa bakuli. Watu wanakuja kuniona, wananiambia pumzika, hii ni nafasi yako ya kupumzika, shukuru. Wananitakia mema, najua. Ila mimi nilikuwa sichoki kwa kufinyanga. Nilikuwa napumzika kwa kufinyanga. Nikiwa na jambo linanisumbua nilikuwa naenda kukaa kwenye gurudumu, na donge likishatulia katikati na mimi nimetulia. Sasa jambo linalonisumbua ni lile lile ambalo dawa yake imefungwa.

Siku moja kabla ya kwenda hospitali nilivuta mabakuli 11. Sikupaswa, kidole kilikuwa kimevimba, lakini nilitaka kuaga. Nikayafunika kwa nailoni nikijiambia baada ya wiki mbili nitachonga vitako kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeshaelezwa muda wenyewe. Nilisikia, moyo ukakataa. Kila asubuhi naingia karakana, nafunua nailoni, nayatazama. Udongo mbichi una rangi nzito, ukikauka unapauka, na unaanzia mdomoni kwa sababu mdomo ndio mwembamba na ndio unaopigwa na hewa. Nimeutazama ule weupe ukishuka kutoka mdomoni kwenda tumboni, siku baada ya siku, kama maji yanayokupwa. Juzi niliinama nikaweka shavu langu kwenye kila bakuli. Mnaofinyanga mnajua: udongo wenye maji ndani unakuwa baridi shavuni hata kama kwa macho unaonekana mkavu. Tisa hayakuwa na ubaridi wowote. Mawili yalikuwa nao kidogo tu, chini kwenye kitako. Nililia pale pale nilipoinama.

Udongo uwahi ungali maji. Methali hii nimeisikia maisha yangu yote ikisemwa juu ya watoto na malezi. Siku hizi inanijia usiku kwa maana yake yenyewe, ya udongo na maji.

Halafu kuna mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 22, nimemfundisha kwa miaka miwili. Wiki iliyopita aliniambia, "Mama mkubwa, mimi nikae kwenye gurudumu, wewe kaa pembeni uniambie cha kufanya. Mikono yangu, ujuzi wako." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia udongo si barua, kwamba mtu atakuandikia ukimsomea maneno. Akanyamaza, akachukua ufagio akaanza kufagia karakana. Mgongo wake ninauona mpaka sasa.

Naomba kujua kwa waliopitia hili, iwe kwa ufinyanzi, ushonaji, uchongaji, muziki, kazi yoyote ya mikono. Mlikaa karibu na kazi yenu au mlijitenga nayo? Nimkubalie mpwa wangu? Na je, kuna lolote la maana ninaloweza kufanya kwa mkono wa kushoto kabla ya wiki ya 12, au najidanganya?

---

FundiRanda

Pole sana dada. Nimesoma mpaka mwisho.

Mimi ni seremala. Kioo kilinikata kano mbili kiganjani, zikashonwa. Nitakwambia kosa langu kwa sababu naliona likikunyemelea kwenye hayo mabakuli 11.

Wiki ya 5 sikuwa na maumivu kabisa. Kidonda kimefunga, kovu limekauka, vidole vinacheza ndani ya gango. Nikaingia karakana "kuangalia tu". Randa ilikuwa juu ya ubao, imelala upande, na mimi sipendi randa ilale vibaya. Nikainyanyua niiweke sawa. Nilihisi kitu kama uzi wa gitaa umekatika ndani ya kiganja. Sikuumia. Kidole cha pete kikabaki kimenyooka, nakiambia kunja, hakikunji. Nikapasuliwa tena, nikaanza tena kuhesabu kutoka siku ya kwanza. Kwa jumla nilikaa miezi 7 nje ya kazi badala ya 3, na kidole hicho hakikunji chote mpaka leo hii.

Upasuaji wako si kama wangu, nawe daktari wako ndiye anayejua. Lakini usipime uponaji kwa maumivu. Maumivu yanaondoka mapema, kano bado ni bichi. Na hatari haiji kwenye kazi kubwa, kazi kubwa unaiogopa. Inakuja kwenye kitu kidogo ambacho mkono umezoea kukifanya bila kukuuliza.

Swali lako la kukaa karibu au kujitenga: mimi baada ya mara ya pili nilimpa mke wangu ufunguo wa karakana. Nilimwambia hata nikiomba vipi usinipe. Nilichora kwa mkono wa kushoto: viungo vya mbao, miguu ya meza, droo. Michoro mibaya sana, mistari inatetemeka. Kabati ninalolipenda kuliko yote niliyotengeneza lilitoka kwenye michoro ile. Lakini sikuwa naiona mbao, siisikii harufu yake. Kwangu ndiyo ilikuwa salama. Funga huo mlango, dada.

---

TibaMikono

Ugua pole, mama. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kurudisha mikono baada ya ajali na upasuaji. Sijauona mkono wako, kwa hiyo lolote nitakalosema mwulize kwanza anayekutibu.

La kushoto kwanza. Hujidanganyi. Mwaka 1894 Edward Scripture wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, pamoja na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba mtu akizoeza mkono mmoja, hata ule ambao haukuzoezwa unaongezeka nguvu. Tangu wakati huo jambo hilo limepimwa mara nyingi na limesimama. Nguvu inayohamia si kubwa kama ya mkono unaofanya kazi, lakini ipo, kwa sababu sehemu ya nguvu imekaa kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, haiko kwenye msuli peke yake.

Ila nina wasiwasi na kitu kimoja. Ugonjwa huu wa shina la kidole gumba mara nyingi hupiga mikono yote miwili, mmoja ukitangulia. Huo wa kushoto sasa unabeba kazi za wawili: kupika, kufungua, kuoga, na kuandika haya yote uliyotuandikia. Usiuongezee kubana. Kama unataka kuufanyisha kitu, uache ufanye kazi ya kiganja kizima na mkono wa mbele, siyo ya ncha za vidole.

Pili, kuna zoezi ambalo wagonjwa wangu wanaofanya kazi za mikono wanalishika haraka kuliko wengine wote. Kaa mahali tulivu, funga macho, mkono mgonjwa umepumzika juu ya mto. Halafu fanya kazi yako kichwani kwa mwendo ule ule wa kweli, usiharakishe. Ukiuwaza mwendo kwa makini, sehemu za ubongo zinazouongoza nazo zinaamka. Dakika 10 zinatosha, ubongo nao unachoka. Usiwaze bakuli. Waza vidole: kipi kinagusa kwanza, kiwiko kimekaa wapi, pumzi iko wapi. Kama mahali fulani picha inapotea, hapo hapo andika.

Na yale ya kila siku, maana wengi wanayaacha wakishazoea gango: mkono uwe juu ya usawa wa moyo kadiri unavyoweza, hasa kama bado umevimba. Bega, kiwiko na vidole vilivyo huru vizungushwe kila siku, bega likiganda utakuwa na wagonjwa wawili. Kovu likishafunga kabisa na ukiruhusiwa, lisugue taratibu lisishikane na ngozi ya chini. Udongo usikaribie kidonda ambacho hakijafunga hata nukta, ni maji na uchafu pamoja. Na ukiona joto, usaha, homa, au mkono unawaka moto, umevimba upya, unabadilika rangi na hautaki hata kuguswa na shuka, usisubiri siku ya miadi.

FundiRanda, nimekusoma na nakuunga mkono kuhusu maumivu. Sikuungi mkono kuhusu ufunguo kwa kila mtu. Kuna wanaopona vizuri zaidi wakiwa ndani ya harufu ya kazi yao.

---

SindanoNaHariri

Dada yangu, mimi nadarizi. Nilipasuliwa jicho, pazia la nyuma la jicho lilikuwa limeachia, wakanitia gesi ndani ili lishike, na siku 7 nikaambiwa nikae nimeinamisha uso chini usiku na mchana. Hata ukutani sikuweza kutazama. Baada ya hapo wiki nyingi bila sindano.

Sina la kitaalamu. Nataka tu kusema kuhusu kucha zako: mimi ilikuwa ile alama ngumu kwenye ncha ya kidole cha kati, pale sindano inaposukumwa. Ililainika, ikaisha. Nilikuwa naikuna nikihakikisha kama ipo. Niliona aibu kuililia mbele ya watu kwa sababu jicho ndilo lilikuwa jambo kubwa. Lilia kucha zako bila aibu.

Alama imerudi. Ilichukua kama miezi miwili ya kazi.

---

MamaVyungu (mwenye mada)

Asanteni sana. FundiRanda, nilipofika pale kwenye uzi wa gitaa niliuweka mkono wangu kwenye mto na sijaunyanyua ovyo tangu hapo. Jana kuna beseni la maji lilikuwa karibu kudondoka na mkono wa kulia ulishaanza kwenda. Nikakukumbuka. Beseni likadondoka, acha lidondoke.

SindanoNaHariri, sijui niseme nini. Nimeyasoma maneno yako mara nne.

TibaMikono, nimejaribu lile zoezi siku tatu. Siku ya kwanza sikuweza kupita hatua ya kulowesha mikono. Siku ya pili nililituliza donge katikati, nikalifungua, nilipofika kuvuta ukuta picha ikazimika. Kazi niliyoifanya maelfu ya mara! Siioni. Najua mikono inafanya, lakini sijui inafanyaje. Siku ya tatu ikazimika pale pale. Nimeandika kama ulivyosema: "kuvuta ukuta, mkono wa ndani, sijui." Limenitisha kidogo.

---

TanuriLaKuni

Mdogo wangu, pole kwa kuuguza mkono. Mimi ni mfinyanzi mwenzio, miaka 67, nilipasuliwa mgongo kwa ajili ya diski. Nina mambo matatu, na la kwanza ni hayo mabakuli, kwa sababu naona umeyafanya jeneza.

Yaache yakauke kabisa. Yote, na yale mawili. Usinyunyizie maji kuyaokoa, utapata nyufa na huzuni mpya. Wewe unajua hili kuliko wanaosoma hapa, ila umelisahau kwa majonzi: udongo uliokauka nusu, ule mgumu kama ngozi, ukiutia majini unabaki donge, maji hayauingii. Uliokauka mpaka shavu halioni ubaridi ndio unaoyeyuka. Unautia ndooni, unasikia ukitoa mapovu, unavunjika vipande, unalala chini kama uji. Asubuhi huwezi kujua lilikuwa bakuli. Na huo uji, ukichujwa na kufungwa vizuri, kila mwezi unaokaa unazidi kunyumbulika, maji yanapata muda wa kuingia kati ya chembe na chembe. Ukirudi mwezi wa 4 utaukuta laini kuliko ulivyouacha.

La pili, mpwa wako. Renoir, yule mchoraji wa Ufaransa, uzeeni baridi yabisi ilimpinda vidole vibaya sana. Kuanzia 1913 alitengeneza sanamu na kijana mchongaji, Richard Guino. Mzee anaelekeza, kijana anashika udongo. Kazi zile zikajulikana kwa jina la Renoir, yeye akafariki 1919, na habari ya Guino ikafunikwa kwa miaka mingi. Kesi ilienda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa, na mwaka 1973 ikathibitishwa kwamba Guino ni mtunzi mwenza. Nimekutajia kwa sababu mbili. Kwanza, inawezekana: udongo unaweza kutoka kwa watu wawili na ukawa na uhai. Pili, uliogopa kitu cha kweli ulipomkatalia huyo kijana, nacho ni kwamba bakuli litakalotoka halitakuwa lako. Ni kweli halitakuwa lako peke yako. Kubalianeni kabla ya kuanza, tieni alama zenu wote wawili chini ya kitako, hapo roho yako itatulia, na yake pia.

Na mwambie asifagie pakavu! Vumbi la udongo mkavu lina silika, likiingia kwenye mapafu halitoki. Apanguse kwa kitambaa chenye maji. Hilo nalo ni somo unaloweza kumpa leo bila kidole gumba.

La tatu, anza sasa kujipangia kurudi, maana hutarudi kwenye mkono ule ule. Mimi nililiinua gurudumu nikawa nafinyanga nimesimama. Wewe itabidi udongo uwe laini kuliko ulivyozoea. Madonge yasizidi kilo 1 kwa miezi ya mwanzo. Donge ulitulize kwa ubavu wa kiganja na mkono wa mbele, kiwiko kimekita pajani, na ulifungue kwa ngumi badala ya kuzamisha kidole gumba. Bakuli linafunguka kwa ngumi vizuri tu, nimewaona watu wakifanya. Mikono ina njia nyingi, tunashika moja kwa sababu ndiyo ya kwanza tuliyofundishwa.

FundiRanda anasema ufunge mlango. Mimi nasema ingia, ila mkono wa kulia uwe umefungwa kifuani kwa kitambaa kila uingiapo, ili ukijisahau ukumbushwe.

---

FundiRanda

Hapo kwenye kitambaa mzee nimekubali. Ningekuwa nacho siku ile.

---

MamaVyungu (mwenye mada)

Wadau, ni wiki ya 7 sasa. Niliahidi moyoni kurudi, nimerudi.

Nilimwomba mpwa wangu msamaha. Sikuweza kwa maneno mengi, nilimwambia tu, "Kesho saa tatu asubuhi, ukate donge la kilo 1, uje na nguo ya kuchafuka." Nikaingia mkono umefungwa kifuani, nikakaa kwenye kigoda upande wa kushoto wa gurudumu.

Saa nzima ya kwanza ilikuwa mateso. Nilikuwa nasema "kaza", anakaza kila kitu, donge linaruka. Nasema "legeza", anaachia, linayumba. Nikamwambia sikiliza udongo. Akainua uso, matope mpaka kwenye nyusi, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama mkubwa, unasema nini?" Sikuwa na jibu. Miaka miwili nimemfundisha kwa kumwonyesha, nasogeza mikono yake kwa mikono yangu, na sikujua kwamba sina maneno ya kazi yangu mwenyewe.

Ikabidi nifumbe macho pale pale kwenye kigoda, nifanye zoezi la TibaMikono huku gurudumu linazunguka mbele yangu. Nikafika kuvuta ukuta. Nikahisi, kabla ya vidole kupanda, natoa pumzi. Natoa pumzi mpaka mwisho wa ukuta, sivuti nyingine katikati. Na kidole cha kati cha mkono wa ndani kiko juu kidogo kuliko cha nje, labda unene wa uzi wa kamba, ndicho kinachoufungua ukuta uelekee nje. Nilifumbua macho nikamwambia: "Toa pumzi ndipo upande. Kidole cha ndani kitangulie cha nje, kidogo sana." Ukuta ukapanda. Ulipanda ukitetemeka, mdomo umeenda upande, lakini ulipanda kutoka chini mpaka juu kwa pumzi moja, na tuliuona wote wawili. Hakusema kitu, mimi pia. Akasimamisha gurudumu.

Zoezi langu la kichwani halizimiki tena pale. Sasa linazimikia kwenye mdomo, ninapoufunga kwa kitambaa. Nimeandika.

Tumetoa mabakuli 14 kwa wiki hizi. Sitawadanganya kwamba wivu umekwisha. Siku nyingine namtazama akinawa mikono, ule udongo unavyotiririka kwenye vifundo vyake, na inabidi nitoke nje kidogo. Yeye ameshajua, ananiacha nitoke. Chini ya kila kitako kuna alama yake na yangu. Yangu anaitia yeye kwa ncha ya kijiti, nami namshika kiwiko kwa mkono wa kushoto wakati anaitia.

Gango limetolewa. Kidole gumba kimekonda, ngozi yake nyembamba inang'aa kidogo. Zoezi langu la kwanza ni kukipeleka kikaguse ncha za vidole vingine, kimoja baada ya kingine. Cha shahada na cha kati nilivigusa siku ile ile. Cha pete nimekigusa jana. Cha mwisho bado, nafasi iliyobaki inatosha kupitisha punje ya mchele.

Mabakuli 11, mzee TanuriLaKuni, niliyapima tena kwa shavu wiki iliyopita, yote hayana ubaridi. Kumi niliyatia ndooni mwenyewe, moja moja, kwa mkono wa kushoto. Sikujua kama ningeweza. Nilisikia ule mlio, mapovu yanapanda, halafu ukuta unaachia taratibu na kulala. Nilikaa kando ya ndoo mpaka la mwisho likalala. Moja nimeliacha rafuni, kitako chake kizito vile vile kama nilivyolivuta siku ile ya kuaga. Litaingia tanurini na hayo 14.